Namba za Matoleo ya Programu: Dhana za Wateja na Ukweli Wake

Dhana: Marekebisho madogo hayahitaji namba mpya.

Hii ndiyo dhana ninayoisikia karibu kila ninapokabidhi programu ya mapokezi kwa hoteli za Unguja na Pemba, na ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mteja huona risiti inakosea kwa shilingi chache, akataka irekebishwe kimya kimya na namba ibaki 2.3.1 ili wafanyakazi wasibabaike. Ukweli ni kwamba toleo likishatoka haliguswi tena. Hata kosa likiwa la mstari mmoja, marekebisho hutoka kwa namba ya 2.3.2. Vinginevyo, kompyuta ya Nungwi itakuwa imerekebishwa na ya Chake Chake bado, zote mbili zikionyesha 2.3.1, na fundi anayepigiwa simu saa tatu za usiku asijue kosa analitafuta katika programu ipi. Utaratibu wa namba tatu alioandika mtengenezaji wa programu Tom Preston-Werner, unaofuatwa na watengenezaji wengi, umelikataza jambo hili waziwazi: namba ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja kile ambacho programu nyingine zinakitegemea, ya pili linapoongezwa jambo jipya bila ya kuvunja kitu, na ya tatu kosa linaporekebishwa. Namsihi kila mteja adai namba ya toleo ichapishwe chini ya kila risiti, kwani mstari huo mmoja humwonyesha fundi pa kuanzia kabla hajauliza lolote.

Dhana: 1.10 ni toleo la zamani kuliko 1.9.

Si kweli. Nukta hiyo si ya desimali. Baada ya tisa huja kumi. Hata mafaili ya mipangilio huteleza hapa: Python 3.10, toleo la lugha ya kuandikia programu lililotoka mwaka 2021, ikiandikwa katika YAML, mtindo mmoja wa kuandika mafaili hayo, bila ya alama za kunukuu husomwa kuwa 3.1.

Dhana: Namba ikiruka, programu imebadilika sana.

Si lazima. Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, ilitoka 2.6.39 ikaenda 3.0 mwaka 2011, na mwanzilishi wake Linus Torvalds mwenyewe alieleza kwamba hapakuwa na mageuzi makubwa.

Dhana: Kutumia tarehe kama namba ya toleo ni uvivu.

Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta uliojengwa juu ya Linux, imefanya hivyo tangu 4.10 ya Oktoba 2004 (4 ni mwaka, 10 ni mwezi), na inaifaa kwa sababu hutoka kwa ratiba. Kwa programu ya hoteli iliyounganishwa na mifumo ya malipo, hata hivyo, nashikilia namba tatu, kwa kuwa tarehe haimwambii mhasibu iwapo muunganisho wake utavunjika akisasisha leo.