Network+ si kipandio cha CCNA, na mengine niliyochoka kuyajibu

"Shikamoo mwalimu. Nikishapata Network+ nitaruhusiwa kufanya CCNA?"

Network+ na CCNA ni vyeti viwili vya mitandao ya kompyuta: cha kwanza hutolewa na CompTIA, cha pili na Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao. Swali hili limenifika tena juzi, safari hii kutoka kwa kijana aliyekwisha kutumia miezi mitano kwenye Network+ na bado hajauona mlango wa chumba cha mtihani. Nitaruhusiwa! Na nani?

Hakuna sharti hilo. Cisco haidai cheti chochote kabla ya kukaa kwenye mtihani wa 200-301, ambao ndio wa CCNA. CompTIA nao hawadai kitu kabla ya Network+. Wanapendekeza uzoefu wa kazi wa miezi 9 hadi 12, na pendekezo halimzuii mtu. Nashuku dhana hii ni mabaki ya enzi za CCENT. Zamani Cisco wenyewe walikuwa na cheti cha chini ya CCNA, na CCNA yenyewe uliweza kuifanya kwa vipande viwili. Februari 2020 CCENT ikafutwa, vipande vikawa mtihani mmoja. Watu wakabaki na picha ya ngazi vichwani, na pale kipandio kilipong'oka wakachomeka Network+. Siku hizi Cisco wana CCST ya mitandao kwa wanaoanza kabisa, nayo pia si sharti la kitu chochote.

Kinachoniudhi hasa ni ile hesabu iliyo chini ya swali: Network+ ni rahisi, CCNA ni ngumu, kwa hiyo ya kwanza ni nusu ya safari ya kuendea ya pili. Ugumu wa mitihani hii miwili haulingani hata kwa aina.

Network+ ni ngumu kwa upana. Maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, alama ya kufaulu 720 kwenye mizani ya 100 hadi 900 (si asilimia, tafadhali msianze kugawanya). Ndani yake kuna vichwa vya kebo za faiba, namba za poti, viwango vya Wi-Fi, aina za mashambulizi, mipango ya kurejesha huduma baada ya janga, hata nyaraka na michoro ya mtandao. Anayeidharau huangukia hapo hapo, kwenye vitu vidogo vidogo vingi ambavyo hakuona haja ya kuvisoma.

CCNA ni ngumu kwa kina na kwa mikono. Una dakika 120, na ukishajibu swali hurudi nyuma kulirekebisha. Robo ya mtihani ni njia za pakiti kati ya mitandao. Hapa hutaulizwa tu OSPF (itifaki, yaani kanuni, ambayo ruta hutumia kuambiana njia) ni nini. Utawekewa jedwali la ruta na kuambiwa: pakiti inakwenda 10.1.4.9, itatokea wapi? Kwenye jedwali kuna 10.1.0.0/16 iliyoletwa na OSPF na 10.1.4.0/24 iliyoletwa na RIP, itifaki nyingine ya aina hiyo. Aliyekariri atakimbilia OSPF, kwa sababu alisoma kwamba OSPF ina namba ya uaminifu 110 na RIP ina 120, na namba ndogo ndiyo inayoaminika zaidi. Amekosa. Ruta hutumia njia yenye kiambishi kirefu zaidi (namba kubwa zaidi baada ya mkwaju), kwa hiyo /24 inashinda, hata kama imeletwa na RIP. Zile 110 na 120 hupambanishwa pale tu ruta inapoletewa mtandao ule ule, wenye urefu ule ule, na itifaki mbili.

Nimewasaili watu wenye Network+ mkononi wakakosa swali hilo, na sikuwashangaa. Wanajua maana ya kila neno lililomo. Hawajawahi kukaa mbele ya jedwali lenyewe wakabishana nalo.

Kwa hiyo anayetumia miezi mitano kwenye Network+ ili "ajiandae" na CCNA, siku ya kuanza CCNA anakuta anarudia anwani za IP na tabaka za OSI alizokwisha kuzisoma, halafu usanidi wa swichi na ruta anauanza kama mgeni. Kama lengo ni kuwa fundi mitandao, anza na CCNA moja kwa moja. Itakuchukua muda mrefu zaidi kuliko Network+, lakini mfupi kuliko zote mbili kwa mpigo.

Sisemi Network+ haina kazi. Ina kazi nzuri kwa mtu wa dawati la msaada, msimamizi wa seva, au anayeelekea usalama wa mifumo. Huyo anahitaji kuelewa mtandao bila kuwa yeye ndiye anayeujenga, na anakutana na vifaa vya kampuni kumi tofauti. Ndugu yake wa karibu ni Security+, cheti cha usalama cha CompTIA hao hao, na ukikifaulu hicho, Network+ yako inahuishwa humo humo. Zipo pia ajira zinazokitaja cheti hiki kwa jina. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, katika mwongozo wake wa 8570, ilikiweka miongoni mwa vyeti vya ngazi ya kwanza kwa mafundi wake. Kama tangazo la kazi unayoitaka linasema Network+, basi soma Network+. Tangazo halijali kipi kilikutoa jasho zaidi.

Na vyovyote utakavyochagua, jifunze kugawa mtandao kwa mkono. Naomba, naomba, fungeni vile vikokotoo. 192.168.10.77/27: biti zinazobaki kwa vifaa ni 5 kati ya 32, na mbili zikizidishwa mara tano hatua ni 32, kwa hiyo mitandao inaanzia 0, 32, 64, 96. Hiyo 77 imo kwenye 64. Anwani ya matangazo ni 95, na vifaa vinapata 65 hadi 94, jumla 30. Sekunde kumi. Fanya kumi kila asubuhi kwa wiki tatu na hutaniandikia tena kwamba "hesabu ni ngumu". Ni kujumlisha tu.

Mengine nayapitia haraka.

"Kazini kwetu hakuna Cisco, CCNA itanisaidia nini?" Lebo za VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi ile ile) ni kiwango cha 802.1Q, cha IEEE, si cha Cisco. OSPF ni kiwango cha wazi. Ukivielewa kwenye kifaa kimoja, kwingine unabadilisha amri tu. Kama kweli umezungukwa na vifaa vya Juniper, washindani wa Cisco, nao wana cheti chao cha JNCIA-Junos, maswali 65 kwa dakika 90, cheti kinachoheshimika sana kwa watoa huduma za intaneti.

"Wingu limeua mitandao." Fungua mtandao wako wa kwanza kwenye AWS, wingu la Amazon, uone swali la awali: unataka masafa gani ya anwani? Ukikata subneti (kipande cha mtandao) ya /28 ukitegemea anwani 14, utapata 11, kwa sababu AWS hujiwekea tano katika kila subneti. Anayeshangaa hapo ni yule aliyeambiwa mitandao imekufa.

"Majibu yaliyovuja yanauzwa, mbona nijichoshe?" Kampuni zote hizi zinaweza kukufutia cheti, ila hilo halikutishi, najua. Basi niseme la kazini. Miaka ya nyuma nilitaka kuongeza VLAN 40 kwenye kiungo cha trunk, kile kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja. Nikaandika `switchport trunk allowed vlan 40`. Sikuandika `add`. Swichi ikatii: ikafuta orodha yote iliyokuwepo, ikabakiza 40 peke yake, na ghorofa nzima ikakatika, nami nimekatika nayo kwa sababu nilikuwa nimeingia kwa mbali kupitia kiungo kile kile. Nilishuka ngazi nikikimbia na kebo ya konsoli mkononi. Neno hilo moja utalijua kwa kuwa umelikosea mwenyewe kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ambayo ni ya bure, wala haihitaji ununue ruta kuukuu ya kukupigia kelele chumbani.

"Nikipata cheti nimepata kazi." Umepata kusomewa barua ya maombi. Usaili bado unakungoja, na msaili mzuri atakupa kibodi.

"Nimeshafaulu, basi." Vyote vitatu, Network+, CCNA na JNCIA, vinadumu miaka mitatu. CCNA unaihuisha kwa pointi 30 za mafunzo au kwa kufaulu mtihani mwingine unaokubalika. Network+ nayo ina pointi 30 zake, au ufaulu cha juu yake. Ukichelewa hata siku moja baada ya CCNA kuisha, unarudi kwenye 200-301 ile ile, dakika 120 zile zile.