Banda la bata usiku: msimlaze kama kuku

Wafugaji wengi wanaoanza na bata watatu wanne nyuma ya nyumba huwalaza kwenye banda la kuku lililokuwepo: chumba kidogo cha mbao, fito za kulalia juu, mlango wa kuruka. Kuku hapo anastarehe. Bata hulala chini, ni mzito na miguu yake ni dhaifu. Mlango wake uwe usawa wa ardhi, au uwekewe ubao wa mteremko mpole usioteleza. Yule bata wetu wa kawaida mwenye nyama nyekundu usoni ana kucha na hupenda kupanda, kwa hiyo ukimwekea gogo nene kimo cha goti linamtosha.

Kuku jua likizama anarudi mwenyewe. Bata hana haraka hiyo. Giza likiingia bado anatafuta wadudu kando ya mfereji. Mzoesheni kwa tumbo: chakula cha jioni kiwekwe bandani tu, karibu na saa kumi na mbili, kila siku wakati uleule. Anayegoma aswagwe polepole, asikamatwe mguu, maana huteguka upesi. Ikibidi kumbeba, mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa.

Tatizo kubwa la banda la bata ni unyevu. Kinyesi chake takriban asilimia 90 ni maji, na banda lililofungwa kila upande huamka limejaa harufu kali ya amonia. Usiipime harufu hiyo ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa mpaka kichwa chako kifike alipo bata, sentimita 20 au 30 kutoka sakafuni, kisha vuta pumzi. Macho yakikuwasha, fahamu kwamba wao wameivuta hewa hiyo usiku kucha. Tandika maranda au pumba kavu za mpunga unene wa sentimita 10, toa palipolowa na ongeza kavu kila jioni. Maranda yenye ukungu yasiingie kabisa, yanaharibu mapafu. Bata wawili au watatu kwa mita moja ya mraba wanatosha, na matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vyao, pande mbili zinazotazamana. Kwa mkoa wa joto kama Dar es Salaam au Tanga, mimi ningeacha nusu nzima ya juu ya ukuta iwe wavu.

Ila wavu gani? Ule mwembamba wa kuku unamzuia bata kutoka, haumzuii mbwa kuingia, na panya buku hupita kuchukua vifaranga. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya sentimita moja hivi, uufukie sentimita 30 ardhini. Mlango uwe na komeo na kufuli, kwa sababu kicheche si mwizi pekee wa usiku.

Siafu hawajali wavu wala kufuli. Msimu wa mvua wanahama kwa makundi, na bata anayeatamia, ambaye kwa yule wetu wa kawaida hukaa kiotani siku 35 hivi, haondoki upesi. Vifaranga ndio hawana pa kukimbilia. Fyeka majani kuzunguka banda na mulika tochi kabla ya kulala. Majivu makavu huwachelewesha tu, yakilowa hayana kazi. Wakishaingia, toa bata kwanza, siafu watapita wenyewe.

Bata wakubwa wakishakula jioni na kunywa vya kutosha, ondoa chakula, kwani kinaita panya. Ukikiacha, acha na maji yenye kina cha kuzamisha pua: bata akila bila maji anaweza kukabwa. Vifaranga wao wawe na maji daima, katika chombo wasichoweza kuingia wakalowa na kupata baridi.

Kuna nyumba zinazowaingiza bata jikoni au chumbani kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo naielewa, lakini kinyesi chao hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha, na watoto wanatambaa sakafu hiyohiyo. Wasichanganywe na kuku pia: bata anaweza kubeba kirusi cha mdondo (kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi) au mafua ya ndege bila kuonyesha dalili.

Asubuhi usikimbilie kufungua. Wengi hutaga alfajiri, na ukiwatoa mapema mayai utayaokota vichakani. Ukikuta kadhaa wamekufa kwa usiku mmoja bila majeraha, usile wala usitupe mtoni. Usiwashike mikono mitupu, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.