"Mimi nalima, mazoezi ya nini?" Dhana potofu za kisukari huku Mtwara na Lindi

Kisukari huku kusini kinazungumzwa kila mahali, kijiweni, sokoni, hata msibani, na kila mtu ana dawa yake ya kukutajia. Mazungumzo mengi ni ya chakula: acha hiki, kunywa kile. Mazoezi yakitajwa watu hucheka, eti hayo ni mambo ya watu wa ofisini. Kwa hiyo ya chakula nitayapitia haraka.

"Mimi chai yangu haina sukari"

Vizuri, lakini ugali wa muhogo ukifika tumboni huvunjwavunjwa kuwa glukosi, ile ile inayopimwa kwenye damu. Ming'oko nayo, ile mizizi ya porini tunayoila, ni wanga. Hakuna aliyesema ni haramu. Punguza tonge, ongeza mboga na samaki. Na wale wanaokunywa mwarobaini ili uchungu ukate utamu, damu haina ulimi wa kuonja.

"Mgonjwa wa sukari apumzike"

Ushauri huu hutolewa kwa upendo na unaumiza watu. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, insulini, yaani homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, huwepo lakini misuli haiiitikii ipasavyo, sukari inabaki ikizunguka kwenye damu. Misuli inapofanya kazi huwa na njia nyingine ya kuvuta glukosi, hata pale insulini ilipozidiwa. Mwenye mashine ya kupimia sukari ajaribu mwenyewe: apime baada ya kula, atembee nusu saa, apime tena. Mara nyingi namba itakuwa imeshuka.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuongea na mwenzio ila kuimba huwezi. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolenga dakika hizo 150 na kupunguza uzito kiasi, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kidonge cha kisukari, ilipungua kwa asilimia 31.

Tena mazoezi husaidia kushusha presha na kulinda moyo, na moyo ndio wenye hatari kubwa hapa. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu na neva: hapo ndipo zinapotokea kiharusi, figo kushindwa, macho kufifia, miguu kufa ganzi. Nguvu za kiume zikipungua ni hapo hapo pia, ila mzee atazunguka kwa waganga watatu kabla ya kwenda kupima sukari.

"Mimi nalima, mazoezi ya nini?"

Hii ndiyo hoja ngumu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Jembe ni mazoezi. Lakini itazame kalenda ya mkorosho. Kuna palizi, kuna kupulizia dawa, kisha kuanzia Oktoba watu wanainama kuokota. Korosho zikishapimwa ghalani na mnada kupita, fedha inaingia na mtu anakaa barazani. Aliyekuwa akitembea shambani na kurudi sasa anaita bodaboda hata kwenda dukani.

Mwili unapofanya kazi, uwezo wake wa kuitikia insulini huwa bora kwa takriban siku moja, pengine mbili, kisha hurudi ulipokuwa. Faida hiyo haiwekwi ghalani ingoje bei. Kazi ya Novemba haitakusaidia Machi. Ndiyo maana wataalamu husema usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kuufanyisha mwili kazi.

Mjini nako kuna uchovu unaodanganya. Mama aliyekaa nyuma ya meza ya samaki tangu alfajiri jioni amechoka kweli, lakini misuli ya mapaja yake haijafanya kitu. Akisimama na kuzunguka kidogo kila nusu saa, hilo peke yake linasaidia. Jioni anaweza kutembea na jirani yake kutoka mtaa wa Shangani, hapa Mtwara mjini, hadi ufukweni. Ngoma nayo inahesabiwa, anayecheza hadi kanga inalowa jasho amefanya mazoezi kuliko wengi wetu.

"Kidonda hiki nimerogwa"

Tazama uani pale korosho zinapokaangwa na kubanguliwa. Maganda yametapakaa, na mafuta ya ganda hubabua ngozi. Mwenye miguu mizima akikanyaga ganda la moto ataruka na kupiga kelele. Mwenye ganzi hukanyaga, akaendelea na habari ya bei za msimu, na kesho yake anashangaa shuka lina majimaji. Hakukumbuka kuumia kwa sababu hakuhisi. Hapo uchawi unaingia kwa urahisi sana, na siku zinazopotea kumtafuta mbaya wake ndizo zinazoweza kumgharimu mguu.

Ganzi si sababu ya kuacha kutembea, ni sababu ya kuvaa. Kandambili na yeboyebo zinaacha vidole wazi. Vaa kiatu kilichofunika, kisichobana, chenye soksi, na kabla ya kukivaa ingiza mkono ndani utafute kokoto au msumari. Kila usiku nyayo zikaguliwe, kama huoni vizuri mwite mjukuu. Ukishakuwa na kidonda, usiukanyagie mguu huo hadi utibiwe, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mazoezi ya mikono ukiwa umekaa yanawezekana bado.

Na kama daktari wa macho amekuambia kisukari kimeharibu sana mishipa ya jicho, usinyanyue gunia kwa kubana pumzi. Mishipa ile dhaifu inaweza kuvuja damu ndani ya jicho.

"Nimeanza mazoezi, dawa naacha"

Usiache. Dozi inaweza kupunguzwa, ila na daktari, kwa kuangalia vipimo. Mwenye aina ya kwanza, ambayo mwili hautengenezi insulini, hana mazoezi yatakayoziba nafasi ya insulini. Kabla insulini haijaanza kutumika mwaka 1922, ugonjwa huo ulikuwa kifo.

Hatari ya upande wa pili ni sukari kushuka, hasa kwa wanaochoma insulini au wanaomeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: simama hapo hapo, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au soda ya kawaida nusu glasi. Subiri dakika 15 upime tena. Ukienda shamba la mbali beba sukari mfukoni, na mtu wa kufuatana naye ajue una kisukari. Kinyume chake, kama kipimo kinasoma zaidi ya 14 (mmol/L) na unatapika au unahema kwa shida, usitembee kuishusha, wahi hospitali.

Ramadhani ina hesabu yake. Onana na daktari kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe upya. Mwendo wa kasi jioni kabla ya futari ndio wenye hatari zaidi, uache. Tarawehe, kwa kusimama, kurukuu na kusujudu, ihesabu kuwa sehemu ya mazoezi yako. Na sukari ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L) ukiwa umefunga, fungua, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.