Kiwanja cha Kigoma kilichotua Kondoa

Wateja wangu hapa Kigoma wana swali moja ambalo haliishi: "Mpima, nimeingiza namba za ramani yangu kwenye simu, inaniambia kiwanja kiko ziwani. Hizo setilaiti za Wamarekani zimekosea?"

Hazijakosea. Kosa liko huku chini, kati ya karatasi na simu.

Setilaiti yenyewe haikuoni, haikutafuti, wala haijui kama upo. Kazi yake ni kutangaza saa na kutaja mahali ilipo angani, basi. Simu yako inapokea tangazo, inapima limechukua muda gani kufika, na kwa kuwa mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, muda huo unageuzwa kuwa umbali. Umbali wa setilaiti tatu ungetosha kukuonyesha ulipo, ila saa ya simu ni ya bei rahisi na haiaminiki, kwa hiyo inahitajika ya nne ya kuisahihisha. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo maana huko juu zimefungwa saa za atomiki. Hata hizo, kwa kanuni za Einstein, zinakwenda mbele ya saa za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kwa siku, nazo hurekebishwa kwa makusudi. Zisingerekebishwa, kosa lingekuwa linaongezeka kwa kilomita 10 hivi kila siku.

Wengine huniuliza kama GPS, yaani huo mfumo wa setilaiti za Wamarekani, inakula bando. Simu inasikiliza tu, kwa hiyo hapana, GPS haili bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Mvuvi wa dagaa aliyetoka Kibirizi usiku na taa zake, akafika mahali ambapo mtandao umekata, bado anaweza kujua alipo. Atakachokosa ni haraka. Setilaiti ya GPS inatuma taarifa zake kwa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa kinyonga. Maelezo ya njia ya setilaiti moja yanahitaji sekunde 30, na orodha nzima ya setilaiti zote dakika 12 na nusu. Penye mtandao, simu inayapata hayo kwa intaneti mara moja. Ukiwa ziwani bila mtandao, iache simu itulie mahali peupe. Kuizima na kuiwasha kila dakika ni kuirudisha mwanzo.

Wala si za Wamarekani peke yao. GPS ilirusha setilaiti ya kwanza mwaka 1978 na kukamilika 1995, lakini hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inaivuruga kwa makusudi ishara ya raia, ukaweza kukosea hata mita 100. Nchi nyingine zilishajua kwamba mwenye setilaiti ndiye mwenye swichi. Warusi walianza GLONASS yao mwaka 1982. Wazungu wakajenga Galileo, ambayo iko chini ya raia badala ya jeshi, ikaanza kutoa huduma Desemba 2016. Wachina wakakamilisha BeiDou ya dunia nzima mwaka 2020. Japani na India wana mifumo ya kanda zao, sisi haituhusu sana. Simu nyingi za siku hizi zinasikiliza hiyo minne mikubwa kwa pamoja, na faida yake naiona nikipima chini ya miembe ya Ujiji: majani yakiziba setilaiti za mfumo mmoja, za mwingine zinapenya.

Sasa turudi kwenye kiwanja kilichozama. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zimechorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Arc hiyo ni mstari wa vipimo uliofuata longitudo ya 30 Mashariki, wazo la David Gill, mwanaastronomia wa Cape, Afrika Kusini, aliyetaka kupima kutoka Cape hadi Cairo. Kipande cha Tanganyika kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kikosi cha mpima Mwingereza Martin Hotine, kilima kwa kilima. Kazi ya wanaume. Lakini umbo la dunia walilotumia si lile la simu yako, ambayo inatumia WGS84. Chukua namba za Arc 1960, ziweke kwenye simu kama zilivyo, na hapa Kigoma utasogezwa takriban mita 300 kaskazini na mita 70 hivi magharibi. Magharibi yetu ni ziwa. Kiwanja cha karibu na ufuko kitaogelea.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo. Longitudo hiyohiyo ya 30 ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, yaani mgawanyo wa dunia katika kanda za kupimia, nayo inaukata mkoa wetu: ukitoka Kigoma mjini unaivuka kabla hujaingia Kasulu. Kigoma na Ujiji wako kanda ya 35, Kasulu na Uvinza kanda ya 36. Namba zinajirudia katika kila kanda. Kiwanja cha Kigoma mjini, chenye namba ya mashariki (mita za kuelekea mashariki ndani ya kanda) kama 792,000, ukikisoma kwa kanda ya 36 kinatua jirani na Kondoa, mkoani Dodoma. Cha Kasulu ukikisoma kwa kanda ya 35 kinaingia Kongo. Nimeshaona majirani wawili wakikaribia kushikana mashati kwa sababu hii, kila mmoja na simu yake mkononi, na mawe ya mpaka yamesimama pale pale yalipowekwa.

Hata ukipatia kanda na mfumo, simu peupe inakosea mita kama tano. Inatosha kukufikisha kwenye kiwanja, haitoshi kujenga ukuta. Kwa ukuta tunatumia vipokezi viwili vya setilaiti, besi inayokaa mahali panapojulikana na rova tunayotembea nayo, tunashuka hadi sentimita, na tunafunga kazi kwenye TAREF11, mfumo mpya wa nchi unaoendana na wa setilaiti.

Ukiniletea namba, niletee na ramani yenyewe, siyo namba ulizonakili kwenye daftari. Kanda na mfumo huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Kama pembeni pameshachanika, nionyeshe jiwe lolote la mpaka ambalo halijang'olewa, tutaanzia hapo.