Tundu la Risasi Halikuua Ndege

Juzi tena kijana kaitazama picha ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, akanitolea hukumu: "Fundi, hizi zilikuwa mabati tu, ndiyo maana hazikumaliza hata mwezi vitani." Mimi riziki yangu ni kupiga ribiti, misumari inayoshika bati la ndege. Hilo bati limenichosha.

Spitfire yenye namba P7350 ilitobolewa na Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, Oktoba 1940, ikatua kwa dharura karibu na Hastings, Uingereza, ikatengenezwa. Mpaka leo inaruka kutoka uwanja wa Coningsby, na viraka vya matundu yale vinaonekana kwenye bawa.

Fundi haulizi matundu mangapi, anauliza risasi imepita wapi. Bati tupu unalisafisha kingo, unalibandika kiraka, basi. Ikigusa mhimili wa bawa, hiyo kazi nyingine. Na rejeta, kipozeo cha injini, je? Injini ya Spitfire, Merlin, inapozwa kwa maji na glaikoli; kitundu cha ncha ya kidole kwenye rejeta, na baada ya dakika chache rubani anatafuta shamba la kutua huku mabawa yote mawili ni mazima.

Sasa niwaudhi wapenzi wa Spitfire. Nyuma ya rubani, Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, ilikuwa mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Teknolojia ya kizee, mtasema. Lakini kombora la mzinga liliweza kuingia huku likatokea kule bila kukutana na kitu kigumu, na fundi akashona, akapaka dawa ya kukaza kitambaa, kazi imekwisha. Kwenye Spitfire bati lenyewe ndilo linalobeba mzigo. Likikunjamana hapa, yakupasa ukague na pale ambapo macho hayaoni kitu, na kazi hiyo haifanyiki uwanjani juu ya pipa la mafuta.

Mengine kwa ufupi. Si adui peke yake aliyezimaliza ndege za vita ile: magurudumu ya Messerschmitt 109 yalikaribiana mno, nyingi zikavunjikia ardhini. Nyingine zilipitwa tu na toleo jipya, zikapewa wanafunzi, na wanafunzi mnawajua. Injini ya Jumo 004 ya Me 262, ndege ya jeti ya Wajerumani, hiyo nakubali, ilidumu kama saa 10 hadi 25; ila Wajerumani walikosa nikeli na kromi, metali za kustahimili joto, si akili.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu yenyewe ya umri. Mwaka 1940 karakana za Uingereza zilikuwa zikichukua ndege mbili zilizovunjika na kutoa moja nzima: bawa la hii, mkia wa ile, namba ileile ubavuni. Hapo ipi imekufa, na ipi ina miaka mingapi? Vitabu vinaandika tarehe moja kwa kujiamini. Mimi ukiniuliza kama P7350 ya leo ndiyo ile ya 1940, nitakuonyesha viraka. Kuhusu vilivyobaki sitii neno.