Je, wajua fundi hutambuaje breki za kiwandani kwenye Camaro ya 1969?

Chevrolet ilitengeneza Camaro zaidi ya 243,000 za modeli ya 1969. Kati ya hizo, 206 tu ndizo zilizoagizwa na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, chaguo lililojulikana katika karatasi za oda kama JL8. Mteja aliongeza dola 500.30, wakati Camaro ya V8 yenyewe ilianzia takriban dola 2,700. Wengi walipiga hesabu wakaona dramu za nyuma zinatosha. Leo seti hizo zinasakwa kwa udi na uvumba, na wauzaji wa Camaro zenye diski nne wanaodai kuwa na mojawapo ya zile 206 hawakosekani. Anayelifufua gari kama hilo atajuaje?

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Kwetu dukani swali huwa moja: spea hii ni jenyuini au feki? Kwa wakusanyaji wa magari ya Marekani ya miaka ya 1960, jenyuini haitoshi. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) iliyotengenezwa na GM, yaani General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, mwaka 1975 na kuuzwa ndani ya boksi la GM ni halali kabisa, lakini si ya kiwandani kwa gari la 1969. Wanataka kipande kilichofungwa siku gari lilipoundwa, au angalau pacha wake wa majuma hayohayo.

Ndiyo maana fundi huanza na tarehe. Vyuma vingi vilivyosubiwa na GM enzi hizo vina tarehe iliyotoka pamoja na kalibu: herufi ya mwezi kuanzia A hadi L, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukisugua uchafu kwenye kasha la ekseli ya nyuma ukakuta B 12 9, chuma hicho kilimiminwa tarehe 12 Februari, mwaka unaoishia na 9. Halafu unafungua boneti, unatazama bamba dogo lililopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hapo kuna kitu kama 03B, yaani gari liliundwa mwezi wa tatu, wiki ya pili. Februari kwenda Machi, hesabu inakubali. Ungekuta D 20 9, yaani tarehe 20 Aprili, ekseli hiyo ingekuwa imezaliwa baada ya gari. Haiwezekani, hata muuzaji aape vipi. Kwa JL8 ekseli ndiyo ya kukaguliwa mapema, kwa sababu ndiyo inayobeba kalipa za nyuma (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski), na si rahisi kuibadilisha kimyakimya kama unavyobadilisha pedi.

Kuna mtego hapo. Tarakimu 9 peke yake haisemi ni 1969 au 1979. Kwa hiyo tarehe husomwa pamoja na namba ya kalibu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Namba iliyoinuka kwenye chuma hutambulisha umbo lililomiminwa, si kipande kilichokamilika. Baada ya kusubiwa, chuma kilekile kinaweza kuchongwa kwa namna mbalimbali. Masta silinda mbili zinaweza kufanana kwa nje, moja ikiwa na tundu la inchi 1 kwa breki zisizo na busta (kifaa kinachouongezea nguvu mguu wa dereva), nyingine inchi 1 na moja ya nane kwa zenye busta. Delco Moraine, tawi la GM lililotengeneza breki hizo, lilizitofautisha kwa kugonga herufi mbili juu ya sehemu bapa ya masta. Herufi hizo ndizo zinazoeleza kipande kilikusudiwa gari gani. Ni herufi za kugongwa kwa chuma, hivyo mtu mwenye nyundo na nia mbaya anaweza kuzigonga leo. Tazama uso wenyewe: kama umesagwa upya na unang'aa kuliko chuma kinachouzunguka, uliza maswali.

Mwaka nao hutoa ushahidi usiohitaji hata miwani. Sheria ya usalama ya Marekani ilidai mfumo wa breki wenye njia mbili kuanzia 1 Januari 1968, ili mrija mmoja ukipasuka gari lisibaki bila breki kabisa, na watengenezaji wengi waliuanza kwenye modeli za 1967. Kwa hiyo Ford Mustang ya 1966 yenye masta ya matangi mawili imeshaguswa. Imefanywa salama zaidi, na mimi ningeiacha hivyo, lakini si ya kiwandani.

Kwa Ford kusoma ni rahisi zaidi. Namba ya kipande ikianza na C9ZA, C ni miaka ya 1960, 9 ni mwaka 1969, Z ni Mustang; kisha inafuata namba ya msingi, na 2140 ni masta silinda. Ukiona herufi ya nne nayo ni Z, kama C9ZZ, hiyo ni namba ya katalogi ya spea. Kipande chenye C8 kwenye gari la 1969 hakina tatizo, kwani michoro ya zamani iliendelea kutumika. D1, yaani 1971, haielezeki. Na kalipa za diski za Mustang za 1965 hadi 1967 zilikuwa za kampuni ya Kelsey-Hayes, zenye pistoni nne. Ya pistoni moja ilikuja 1968.

Tukirudi Chevrolet, kalipa za JL8 ni za aina ya Corvette, gari jingine la Chevrolet, na Corvette yenye diski nne tangu 1965 ina alama ninayoipenda kuliko zote: ribiti. Kiwandani diski ilipigwa ribiti kwenye habu kisha vyote vikachongwa pamoja ili viende sawa. Mafundi waliobadilisha diski baadaye walizitoboa ribiti hizo, na mara nyingi hawakuzirudisha. Ndani ya kalipa, chuma cha kusubu hushika kutu kikavujisha mafuta, ndiyo maana nyingi zilizosalia zimewekewa ndani vibomba vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Nje zinabaki zilezile, na hakuna mkusanyaji mwenye akili anayelalamika.

Karatasi? GM ya Marekani haikuhifadhi kumbukumbu za kila Chevrolet ya wakati huo, na namba ya chesisi ya 1969 haitaji breki. Karatasi ya kuundia gari, ikiwa haikuliwa na panya, wakati mwingine hupatikana juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za viti.

Uasilia unaishia kwenye chuma. Vikombe vya mpira na hozi za miaka 50 hutupwa hata zikiwa na namba sahihi. Viatu vya breki vya enzi hizo vilikuwa na asbesto inayodhuru mapafu, hivyo vumbi lililo ndani ya dramu lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa kompresa.