Mkimbizi si mhamiaji

Wiki iliyopita nilikuwa Kibirizi, bandari ndogo ya maboti hapa Kigoma, nasubiri madumu yangu ya mawese. Boti la mbao lilikuwa limefika kutoka Kongo, akina mama wanashuka na marobota ya vitenge, hati za safari mkononi, wanaulizana bei ya dagaa hata miguu haijakauka. Kijana mmoja mbeba mizigo akamgeukia mwenzake: "Leo wakimbizi wamejaa." Siku mbili baadaye nikaletewa barua ya Kiingereza niisahihishe. Mwandishi wake ni msomi mwenye shahada, na barua inahusu watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani hapa. Kila mahali ameandika 'migrants'.

Yule kawafanya wafanyabiashara kuwa wakimbizi, huyu kawafanya wakimbizi kuwa wahamiaji. Nimefundisha Kiingereza hapa Kigoma miaka mingi na makosa ya wanafunzi hayanichoshi. Hili limenichosha.

Maana yenyewe ni fupi. 'Migrant' ni mhamiaji: mtu aliyetoka kwao akaenda kukaa kwingine, kwa kazi, masomo, ndoa au biashara, na akitaka kurudi, kwao kupo. 'Refugee' ni mkimbizi: aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, taifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa siasa, na kurudi hawezi. Ndivyo ulivyosema mkataba wa kimataifa wa 1951. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaongeza anayekimbia uvamizi, kukaliwa kimabavu kwa nchi yake, utawala wa kigeni, au machafuko makubwa yanayovuruga amani. Wengi waliokuja kwetu wamekuja kwa mlango huo wa pili. Aliyekimbia vita lakini hajavuka mpaka, Kiswahili humwita mkimbizi wa ndani, ila mikataba hiyo haimhesabu.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapopita mbio.

Neno 'refugee' Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu tangu 1598. Maelfu wakavuka bahari kwenda Uingereza, na jina walilokuja nalo, 'réfugié', likabaki huko. Ukilifuata nyuma zaidi unafika kwenye Kilatini, 'fugere', kukimbia, halafu 'refugium', mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo Mfaransa na Mwingereza walimpa mtu huyu jina la mahali alipojificha. Walitazama mwisho wa safari yake.

Kiswahili kilitazama miguu. Kutoka kimbia tumepata mkimbizi, kama vile kutoka angalia tulivyopata mwangalizi. Ile z haikuokotwa njiani. Zamani kitenzi hiki kilikuwa na l ndani yake, ikamezwa katika matamshi, na unaisikia bado ukisema kimbilia. Kwenye jina la mtendaji l hiyo hurudi ikiwa z. Anayekimbia uwanjani tumempa umbo jingine, mkimbiaji. Anayekwenda na Mwenge wa Uhuru kila mwaka ni mkimbiza Mwenge. Mzizi mmoja, watu watatu, na hakuna Mswahili anayewachanganya. Hakuna atakayesema mshindi wa marathoni ni mkimbizi hodari. Sikio letu linajua kwamba mkimbizi hakimbilii medali.

Neno la mahali tunalo pia, kimbilio. Waliokulia kanisani wanalijua kutoka Zaburi ya 46, Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, na Biblia ya Kiingereza hapo hapo imeandika 'refuge', neno la ukoo mmoja na 'refugee'. Kimbilio na 'refuge' ni ndugu kabisa kwa maana, ila Kiswahili hakikumwita mtu kwa kimbilio lake. Kilimwita kwa mbio zake. Nadhani hapa ndipo tatizo lilipoanzia. Ukisikia mkimbizi, unaona mtu anayekimbia, akili inaishia hapo, hujiulizi anakimbia nini wala kama amepata pa kuegemea. Baada ya muda neno linabaki na vumbi la njiani tu: nguo chakavu, kifurushi kichwani, foleni ya mgao. Mtu akionekana mgeni na mchovu, anaitwa mkimbizi.

Warundi wao wametenganisha. Kukimbia mbio ni kwiruka. Kukimbia hatari ni guhunga, na kutoka hapo wanapata impunzi, mkimbizi. Mtoto wa Kirundi hawezi kuchanganya mchezo na msiba, kwa kuwa vitenzi vyenyewe ni viwili. Sisi kitenzi ni kimoja, kimbia, kwa hiyo kazi yote ya kutofautisha tumeibebesha silabi ya mwisho. Tukiilegeza, hatuna kingine cha kushika.

Mhamiaji naye ana siri yake. Kuna hama na kuna hamia. Hama ni kuondoka, hamia ni kwenda kukaa mahali fulani. Kiingereza kinahangaika na 'emigrant' na 'immigrant', wanafunzi wangu wanazikosea kila mwaka, wakati Kiswahili kimemaliza kwa irabu moja. Mtu yule yule kwenye boti lile lile: waliomsindikiza kule Baraka, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wanasema amehama, waliompokea Kibirizi wanasema amehamia. Lakini tazama kisichokuwemo. Katika hama hamna hofu. Unaweza kuhama nyumba ya kupanga kwa sababu kodi imepanda. Mzazi wa mama yangu alihamia Ujiji kutoka ng'ambo kufuata biashara, na reli ya kati ilipofika hapa mwaka 1914 ilileta wengine wengi kutoka upande wa Tabora. Hao walihama. Ujiji hiyo hiyo ina watu ambao wazazi wao wa kale hawakuhama wala hawakukimbia. Waliletwa wakiwa wamefungwa, enzi za misafara ya watumwa. Kwao hakuna neno kati ya haya mawili linalofaa, na ni vibaya kuwaingiza kwa nguvu katika lolote.

Mwezi Mei 2015 mji huu uliona tofauti kwa macho. Maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu kabisa na mpaka, milima nyuma yao na ziwa mbele. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, nao wakapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kuelekea Nyarugusu, kambi iliyokuwepo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nilizungumza na wachache pale uwanjani. Mmoja alikuwa mwalimu kama mimi, ameacha nyumba ya matofali na madaftari ambayo hajayasahihisha. Hakuwa maskini siku aliyoondoka. Aliufikia umaskini barabarani. Kwa hiyo anayesema mkimbizi akiwa na maana ya mtu asiye na kitu, amekamata mkia akidhani ni kichwa.

Na barua ya yule msomi? Wengine wataona nimeshikilia jambo dogo, neno moja kwa jingine. Lakini mhamiaji asiye na kibali nchi inaweza kumrudisha kwao kwa sheria zake, na hakuna aliyeonewa. Mkimbizi, kwa ibara ya 33 ya ule mkataba wa 1951, harudishwi mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Ibara ya 31 inakataza hata kumwadhibu kwa kuingia bila karatasi, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza mapema mbele ya wenye mamlaka. Ukiandika 'migrants' kwenye barua rasmi kuhusu watu wa Nyarugusu, umewavua koti la mvua masika, tena kwa kalamu. Niliyabadilisha yote, mahali kumi na moja, nikamwandikia pembeni sababu.

Kuna kosa la tatu ambalo hunigusa zaidi, la kulifanya neno hili kuwa kabila. Sisi Waha, wenyeji wa Kigoma ambao lugha yetu iko karibu na Kirundi, tunalijua. Nimewahi kuteremshwa kwenye basi nikielekea Dar es Salaam, nikaulizwa maswali ya babu na bibi kwa sababu ya lafudhi yangu tu, na abiria mmoja akasema kwa sauti, "Huyo mkimbizi." Kitambulisho nilikuwa nacho mfukoni. Ukimbizi ni hali ya mtu kwa kipindi fulani, una siku ya kuanza na una siku ya kwisha: amani ikirudi kwao, au akipata uraia mahali pengine. Hauko kwenye damu wala kwenye matamshi ya herufi r.

Baada ya kulieleza hili darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nje. Bibi yake alitoka Burundi mwaka 1972 akapelekwa Ulyankulu, kule Tabora, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa watu wapatao 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Akaniuliza, "Mwalimu, kwenye insha nimwandike mkimbizi au mhamiaji?"

Nikamwambia, "Bibi yako alikuwa mkimbizi. Andika hivyo, usione haya, na uweke mwaka. Ukifika kwenye habari za leo, andika raia."

Na yule kijana wa Kibirizi nilimkuta jana, mama mmoja wa vitenge anamhesabia ujira wake. Nikamuuliza, "Huyu atalala wapi kesho?" Akasema kwao, Baraka, boti linaondoka usiku. "Basi mdogo wangu, mtu anayelala kwao kesho si mkimbizi. Mwite mama wa vitenge." Akacheka, akainua robota, akamwita hivyo.